Kilo Ndani ya Kikombe

Dukani unga hupimwa kwa mizani, nyumbani hupimwa kwa kikombe. Anayeviunganisha vipimo hivyo viwili ni mpishi, na kazi yake hiyo naiona ni ufundi kamili, ingawa wengi huidhania ni hesabu tu ya kugawanya na kuzidisha.

Hesabu ingetosha kama kila kitu kingekuwa maji. Kikombe cha mililita 250 kikijaa maji kina gramu 250, basi. Kikijaa mafuta ya kupikia, gramu 230 hivi. Sukari, kama 200. Asali, 350 na ushei. Mwenye visa ni unga wa ngano. Uchekeche, umimine kikombeni kwa kijiko bila kuushindilia, kisha pitisha mgongo wa kisu mdomoni mwa kikombe: unapata gramu 120 hivi. Lakini kichovye kikombe ndani ya mfuko uchote, unga hujibana ukafika hata 150. Kwa vikombe vinane vya maandazi, tofauti hiyo inakaribia robo kilo. Donge likawa gumu, watu wakailaumu hamira! Mpishi anayejua kuigeuza kilo kuwa vikombe anaijua hewa iliyomo ndani ya unga, na anaijua kwa mkono.

Pwani ujuzi huu ni wa siku nyingi. Nafaka ilipimwa kwa ujazo: vibaba viwili kisaga, vinne pishi. Karafuu zikaenda kwa uzito, kwa frasila. Hadi leo, Ramadhani inapokaribia kwisha, zakatul fitri ni pishi moja ya chakula kwa kila mtu, na nyumba nyingi huitoa kwa kilo: mbili na nusu, au tatu kwa tahadhari. Asili ya kipimo hicho ni viganja viwili vilivyokutanishwa, vikajazwa mara nne. Pishi ile ile ukiijaza mchele, kisha shayiri, kisha tende, mizani haitasema neno moja. Ndiyo maana mtu makini akiulizwa ni kilo ngapi, naye huuliza kwanza: za nini?

Ninaowastahi zaidi ni wapishi wa shughuli. Mwenye harusi ananunua mchele kilo 20. Mpishi anajua kwamba hizo ni karibu lita 25, yaani ndoo kubwa moja na robo, na kwa ndoo hiyo hiyo atapimia maji ya pilau. Hata hivyo hamimini papo hapo. Hushika mchele, akatafuna punje mbili tatu, akauliza ni wa msimu huu au wa mwaka jana, kwa kuwa mchele mpya haunywi maji mengi. Ukiwa mpya, anapunguza maji kabla sufuria haijatiwa kitunguu.