Siri ya Wageni Wawili wa Terravin

Katika riwaya za mahaba baina ya wana wa falme zinazohasimiana, ambazo vijana wa leo huzisoma kwa shauku ile ile waliyokuwa nayo wazee wao walipokuwa wakisikiliza kisa cha Kamaruzamani na Budura katika Alfu Lela U Lela, kazi ngumu ya mtunzi si kuwakutanisha wapendanao, maana msomaji amekinunua kitabu kwa ajili ya kukutana huko na hangesamehe kunyimwa. Kazi ngumu ni kumfanya msomaji huyo, ambaye anajua kabla ya kufunua ukurasa wa kwanza kwamba binti mfalme atampenda mwana wa mfalme, awe na mashaka ya kweli, mashaka ya kumkosesha usingizi, juu ya jambo ambalo amekwisha kuahidiwa. Watunzi wengi hushindwa hapo. Huongeza vita, huongeza joka, huongeza mchawi, na taharuki haiji, kwa kuwa taharuki huzaliwa na upungufu wa maarifa, na hatari hata ziwe elfu haziwezi kushika mahali pake.

Mary E. Pearson, mtunzi wa Kimarekani ambaye alikuwa amekwisha kujulikana kwa riwaya yake ya mwaka 2008, The Adoration of Jenna Fox, alilitatua tatizo hilo mwaka 2014 katika The Kiss of Deception, kitabu cha kwanza kati ya vitatu viitwavyo kwa pamoja The Remnant Chronicles, na njia aliyoitumia naihesabu miongoni mwa hila safi kabisa za usimulizi nilizopata kuziona katika fasihi ya vijana ya karne hii. Nataka kuifungua hapa, nionyeshe jinsi ilivyoundwa, ilichompa mtunzi, na ilichomtoza.

Kisa chenyewe chaanza siku ya harusi. Lia, Binti wa Kwanza wa ukoo wa kifalme wa Morrighan, mwenye umri wa miaka 17, anaozwa kwa mwana wa mfalme wa Dalbreck, dola iliyoasisiwa zama za kale na mwana wa mfalme wa Morrighan aliyefukuzwa kwao, na kwa sababu hiyo falme hizo mbili zimetazamana kwa kiburi na wivu tangu hapo. Ndoa hii imekusudiwa kuziunganisha dhidi ya Venda, nchi ya mashariki inayozidi kupata nguvu. Mgongoni mwa bibi harusi mafundi wamechora kavah, pambo la arusi ya kifalme, na msomaji wa pwani yetu aliyewahi kukaa karibu na mwari akipakwa hina na piko hatahitaji kuelezwa uzito wa rangi ile. Kabla ya ndoa kufungwa Lia anatoroka pamoja na mwandani wake Pauline, hadi Terravin, mji wa wavuvi, anakopata kazi ya kuwahudumia wateja katika nyumba ya chakula na malazi ya mwanamke aitwaye Berdi. Nyuma yake wanakuja watu wawili. Mmoja ni bwana harusi aliyeachwa, anayetaka kumwona kwa macho yake mwanamke aliyethubutu kufanya jambo ambalo yeye mwenyewe alilitamani asilithubutu. Wa pili ni muuaji kutoka Venda, aliyetumwa kuyakatisha maisha ya binti huyo ili muungano wa falme mbili usipate kufufuka. Wanafika siku moja na kuingia kwa mlango mmoja. Mmoja anajiita Rafe, kibarua wa mashamba. Mwingine anajiita Kaden, mfanyabiashara wa ngozi za wanyama. Msomaji anajua kwamba kati yao mmoja ni mwana wa mfalme na mmoja ni muuaji. Yupi ni yupi, haambiwi.

Asiyekisoma kitabu hiki na anayekusudia kukisoma ausimamishe uchambuzi huu hapa, aurejee baadaye. Sitaki kuwa sababu ya kumnyang'anya mtu furaha ambayo haipatikani mara ya pili.

Tuitazame kwanza nyenzo yenyewe. Riwaya imesimuliwa kwa nafsi ya kwanza, na wasimulizi ni zaidi ya mmoja. Sehemu kubwa ni ya Lia, lakini katikati ya sura zake zimepenyezwa nyingine, fupi, zenye vichwa vya cheo tu, yaani Mwana wa Mfalme na Muuaji. Na kadiri mambo yanavyoendelea zinatokea pia sura zenye majina, Rafe na Kaden, bila ya mtunzi kuyafunga majina hayo kwa vyeo vile. Hapo ndipo ilipo hila yote. Kwa kawaida nafsi ya kwanza ni mlango wa kuingilia katika dhamiri ya mtu, na msomaji huiamini kwa sababu anadhani kwamba mtu anayejisemea peke yake hawezi kujificha. Pearson ameutumia mlango huo huo kuwa pazia. Tunaisikia dhamiri ya muuaji, tunaujua ukali wa amri aliyopewa na jinsi mkono wake unavyoanza kusita. Tunaisikia dhamiri ya mwana wa mfalme, tunaijua hasira yake na aibu yake. Kisha tunarudi kwa Lia, tunawaona watu wawili wakiwa mezani na vikombe mbele yao, na hatuwezi kuziweka dhamiri zile mbili katika miili ile miwili. Ni mbinu inayotegemea ufundi wa kuchagua yasiyosemwa, kwani katika sura hizi za vyeo mtu haelezi umbo lake, na matendo aliyoyashuhudia Lia hayarudiwi kwa namna itakayomfichua mtendaji. Na Lia mwenyewe, msimulizi mkuu, halazimiki kusema uongo hata mara moja, kwa sababu hajui. Ujinga wake wa haki ndio ngao ya mtunzi.

Walakini kuficha tu si ufundi mkubwa, maana hata mtoto aweza kuficha kitu mgongoni. Kinachonistaajabisha mimi ni kwamba tabia za vijana hawa wawili zimesanifiwa kila moja iwe na maana mbili kamili, na maana zote mbili ziwe za kweli. Rafe ni mkavu, mwepesi wa kununa, mwenye jicho linalomkagua binti wa watu kama mdai anayemkagua mdaiwa, na msomaji anayetafuta muuaji husema moyoni, huyu hapa, ukatili wake umemtoka usoni; ilhali ununaji ule ule ndio hasa tunaoutarajia kwa kijana wa kifalme aliyesimamishwa mbele ya mataifa mawili na bibi harusi asitokee. Kaden, kwa upande wake, ni mpole, msikivu, mwepesi wa kusaidia, na msomaji anayetafuta mwana wa mfalme huyaona malezi ya jumba la enzi katika utulivu ule. Ilhali utulivu huo ndio subira ya mwindaji, aliyefundishwa kungoja hadi mnyama anywe maji. Kila dalili inaweza kuwekwa katika sahani yoyote ya mizani, na hakuna iliyo ya uongo. Pearson amewajua vilevile wasomaji wake, ambao wamekwisha kusoma riwaya nyingi za aina hii na wanazijua desturi zake: aliyezoea kwamba kijana mwenye kinyongo ndiye mpenzi wa haki ataelekea kwa Rafe, na anayejiona mwerevu, aliyekinai desturi hiyo, atahadhari nayo na kuelekea kwa Kaden. Mtego umetegwa kwa wote wawili.

Athari yake katika mahaba ni kubwa kuliko athari yake katika taharuki, na hili sioni likisemwa vya kutosha na wanaokisifu kitabu kwa fumbo lake. Katika hadithi nyingi za falme hasimu msomaji humpenda mwana wa mfalme kwa kuwa ameonyeshwa taji lake, na upendo wake ni utii wa kichinichini kwa cheo. Hapa cheo kimeondolewa. Msomaji hana budi kuwapima vijana hawa kwa maneno na vitendo vyao, kama Lia anavyowapima, na anapojikuta moyo wake umeelemea upande mmoja hana hakika kama amempenda mume halali au mchinjaji. Wengi walimpenda Kaden. Siku ilipodhihirika kwamba Kaden ndiye aliyetumwa na Komizar, mtawala wa Venda, hawakuweza kuliondoa penzi hilo kwa amri, na kwa hiyo uhasama wa falme, ambao katika riwaya nyingine hubaki kuwa habari ya ramani, uliwaingia wao wenyewe vifuani. Kijana wa nchi ya adui hawezi tena kuwa adui mtupu kwa mtu aliyekwisha kumwombea heri.

Ulinganisho na Alfu Lela U Lela unafaa hapa, kwa sababu unaonyesha bei ya mbinu hii. Kamaruzamani na Budura nao ni wana wa wafalme wa nchi zilizo mbali, nao wote wawili wamekataa kuoa na kuolewa hata wakafungiwa na baba zao, mpaka majini wakawalaza ubavu kwa ubavu usiku mmoja kila mmoja amwone mwenziwe. Lakini msimulizi wa kale ni maizi, ajuaye yote na asiyeficha, na msikilizaji anajua tangu mwanzo nani ni nani na pete ya nani iko kidoleni mwa nani. Furaha yake ni kinaya kinachoonjwa papo hapo, pale Budura anapojivika mavazi ya mumewe na kutawala nchi ngeni huku sisi tukiijua siri yake. Pearson amekikataa kinaya hicho kwa makusudi. Chukua tukio la kuagana huko Terravin. Walther, kaka yake Lia, amefika mjini akiwa amepagawa kwa msiba, mkewe Greta aliyekuwa mjamzito ameuawa na watu wa Venda, na Lia, akijiona ana sehemu ya dhambi kwa kuvunja muungano, anaazimia kurudi kwao kuunusuru, hata ikiwa gharama ni ile ndoa aliyoikimbia. Anamuaga Rafe, mtu anayempenda, kwa sababu ya wajibu unaomwelekeza kwa mwana wa mfalme wa Dalbreck. Na Rafe, anayesimama mbele yake na kuagwa, ndiye mwana wa mfalme wa Dalbreck. Mtunzi wa mtindo wa zamani angeliweka tukio hili katikati ya jukwaa na kulimulika kwa taa zote. Pearson ameliacha lipite, na msomaji wa mara ya kwanza analia kwa sababu ndogo kuliko iliyopo. Ni katika kusoma mara ya pili ndipo ukubwa wake unapoonekana, kama mshono wa kanzu unavyoonekana ukiigeuza nje ndani. Kuweka akiba ya kinaya kizuri namna hiyo kwa ajili ya msomaji atakayerudi, bila ya dhamana kwamba atarudi, ni ujasiri ambao mimi nauheshimu sana.

Kitabu kimeisambaza hadaa kwa wahusika wengine pia, ili ile ya wageni wawili isionekane kuwa mchezo uliobandikwa juu. Pauline anamngoja mpenzi wake Mikael, ana mimba yake. Lia akagundua kwamba mtu huyo ni laghai asiyekusudia kuja, naye akamwambia rafiki yake kwamba amekufa. Uongo huo umesemwa kwa huruma, na utamrudia katika kitabu cha tatu. Kwa hiyo Lia anapowahukumu wanaume wawili kwa kumdanganya, mikono yake mwenyewe si mitupu.

Dosari zipo. Baada ya siri kufichuka na Lia kuchukuliwa mateka kuvuka nyika ya Cam Lanteux, kitabu kinapoteza injini yake, na safari ile ndefu pamoja na Kaden na wenzake, Griz, Finch, Malich na mtoto Eben, inatembea kwa mwendo wa farasi waliochoka mpaka mtunzi apate chanzo kingine cha nguvu, ambacho ni kipawa cha Lia cha kuona yasiyoonekana, kipawa ambacho yeye alidhani hakuzaliwa nacho. Wapo wasomaji waliolalamika kwamba walilaghaiwa, kwamba nafsi ya kwanza ina mapatano na msomaji na mapatano hayo yalivunjwa. Sikubaliani nao. Mapatano yaliandikwa kwenye vichwa vya sura tangu mwanzo, kwamba huyu ni Mwana wa Mfalme na huyu ni Muuaji, na kila neno lililosemwa chini yake ni la kweli. Aliyeongeza jina na sura ya mtu juu ya sauti ile ni msomaji mwenyewe. Zile nukuu za maandiko ya kale zilizowekwa baina ya sura, wasia wa Gaudrel na wimbo wa Venda, sina mengi ya kusema juu yake katika kitabu hiki cha kwanza, isipokuwa kwamba zinamzoesha msomaji mapema kusoma sauti asizojua zimetoka kinywani mwa nani.

Swali lililobaki ni kama mahaba yaliyojengwa juu ya siri yanaweza kusimama siri ikiisha, na hili lilijibiwa katika vitabu viwili vilivyofuata, The Heart of Betrayal cha mwaka 2015 na The Beauty of Darkness cha mwaka 2016. Wapendanao wanaingia Venda wakiwa mateka wote wawili, Rafe akijifanya mjumbe wa mwana wa mfalme ambaye ni yeye mwenyewe, na sasa msomaji anajua yote, na kile kinaya alichonyimwa hapo awali anapewa kwa wingi, kila neno mbele ya Komizar likiwa na hatari ya mauti. Baadaye Rafe anakalia kiti cha enzi cha Dalbreck, na Lia, kinyume cha matarajio ya kila mtu, anakuwa malkia wa Venda, nchi iliyotuma mtu kumuua. Watunzi wengi wangelimvua mmoja wao taji ili amfuate mwenziwe, na aghalabu angelikuwa mwanamke. Pearson amewatenganisha, kila mmoja akabaki na nchi yake, mikataba ikaandikwa, miezi ikapita, na ndoa ikaja mwisho kabisa, baada ya mazungumzo ya amani, kati ya watawala wawili ambao hakuna hata mmoja aliyempeleka mwenziwe asikotaka kwenda.