Sifa za Mpima Maji

Mito ya Kitui na Makueni hufurika siku chache za masika, kisha hubaki mchanga mtupu. Wakamba wamejifunza kujenga mabwawa ya mchanga na kufukua maji yaliyojificha humo. Wanaochimba visima virefu mara nyingi hukutana na maji ya chumvi. Wajenzi na wachimbaji wamesifiwa, na wanastahili. Mimi namsifu anayekuja baada yao: mpima maji.

Huyu hukinga maji bombani, akatia kidonge cha kupimia, akatazama rangi ya waridi ikijitokeza na kuilinganisha na kadi yake. Anataka klorini, dawa ya kuua vijidudu, iliyobaki majini iwe angalau miligramu 0.2 kwa lita. Ikipungua, kipindupindu kimepata mlango.

Lakini dawa nayo huacha masalio. Mwaka 1974, mkemia John Rook wa Rotterdam alionyesha kuwa klorini ikikutana na mabaki ya mimea iliyooza majini huzaa klorofomu. Maji ya chumvi yakiwa na bromidi, huzaliwa pia bromofomu, ambayo Shirika la Afya Duniani limeiwekea kikomo cha mikrogramu 100 kwa lita. 

Masalio haya hayana rangi wala hayaonekani kwa kidonge, hupimwa maabara. Hapo ndipo ustadi wa mpima maji unapong'aa. Hutuliza matope na kuyachuja kabla ya kutia dawa, ili klorini isipate uchafu wa kuungana nao. Hupima uchumvi wa kisima. Hatii dawa kwa kukisia, wala haipunguzi kwa kuogopa masalio, kwa maana madhara ya masalio huja polepole, na kipindupindu huua kwa saa chache. Kuzishika hatari mbili kwa mkono mmoja, bila kuiachia hata moja, ni ufundi mkubwa.

Basi kaunti na kamati za maji ziwape wapima maji vidonge vya kupimia bila kukatiza, zipeleke sampuli maabara kila msimu, na zibandike majibu kwenye kuta za vioski vya maji. Anayenunua mtungi wa maji ana haki ya kujua kilichomo.