Walipima TNF, Wakauruka Mkanda

Utafiti wa InterLymph, muungano wa kimataifa wa watafiti wa limfoma, wa 2006 haukuharibikia maabara. Vipimo vilikuwa safi, hesabu zimesimama, na TNF -308A, yaani herufi A kwenye nafasi ya -308 ya jeni ya TNF inayotoa ishara za kinga, ilionekana kwenda sambamba na limfoma ya seli B kubwa. Uliharibikia pale walipoamua sampuli zitoke wapi: tafiti nane, wagonjwa 3,586 na watu 4,018 wa kulinganishwa nao, kutoka Ulaya, Kanada na Marekani. Mkanda wa limfoma, yaani maeneo ya Afrika yenye malaria ambako limfoma ya Burkitt huwapata watoto, huku kwetu, haukutoa utafiti hata mmoja.

Uamuzi huo siukubali hata kidogo. Swali lilikuwa kama tofauti za vinasaba katika ishara za kinga huongeza hatari ya saratani hizi, na ishara za kinga huamshwa na maambukizi. Tangu 1994 utafiti wa Gambia ulikwisha kuonyesha kwamba watoto wenye nakala mbili za -308A walikuwa hatarini zaidi kufa au kulemaa kwa malaria ya ubongo. Herufi ileile! Aliyetaka kujua inafanya nini malaria inaporudi msimu baada ya msimu, na kirusi cha Epstein-Barr kimejificha ndani ya seli B, alipaswa kuja kwenye malaria. Kutoka Moa hadi Lushoto mkoa wetu mmoja wa Tanga unakupa mbu wa pwani na baridi ya Usambara, na Muheza vimelea vya malaria vimehesabiwa miaka mingi. Utaambiwa limfoma ya Burkitt ni ya watoto, ile ya utafiti wa 2006 ya watu wazima. TNF ni ileile, seli B ni zilezile.

Nimelisema hili mara nyingi: watafiti wakubwa kama hawa hufuata majokofu yaliyo karibu nao. Denis Burkitt, ambaye limfoma hiyo imepewa jina lake, hakufanya hivyo. Mwaka 1961 yeye, Ted Williams na Cliff Nelson walitoka Kampala na gari kuukuu, wakaenda maili 10,000, hospitali hadi hospitali, wakiuliza uvimbe wa taya unaishia wapi. Ramani ikafuata joto na mvua, malaria ikaingia kwenye hoja.

Baadaye EMBLEM, utafiti wa limfoma ya Burkitt wa 2010 hadi 2016, ilifanya kazi nzuri Uganda, Kenya na Tanzania. Uganda kaskazini, nakala moja ya jeni ya selimundu ilionekana kuwakinga watoto dhidi ya limfoma hiyo. Ila kwa Tanzania ilikaa Kanda ya Ziwa. Tanga ikarukwa tena, pamoja na alfa-thalasemia, hitilafu nyingine ya damu inayohusishwa na malaria, iliyoenea kwenye mabonde yetu. Sampuli zijazo za jeni za ishara za kinga, TNF na IL10, zianzie hospitali ya Bombo, na wanaozikusanya wafike Moa.