Siku Tatu Badala ya Miaka Saba: Jinsi Majora's Mask Ilivyojengwa kwa Mali ya Ocarina of Time

Tarehe 21 Novemba 1998, Nintendo ilitoa The Legend of Zelda: Ocarina of Time kwa mashine ya Nintendo 64. Jarida la Famitsu la Japani liliipa alama 40 kati ya 40, na hakuna gemu iliyokuwa imewahi kuzipata kabla yake. Tarehe 27 Aprili 2000 muendelezo wake, Majora's Mask, ukaingia madukani Japani. Kati ya tarehe hizo mbili kuna miezi 17 tu. Ni muda mfupi mno kujenga ulimwengu mpya wa pande tatu, na ufupi huo ndio unaoeleza karibu kila uamuzi uliofanywa ndani ya gemu hii.

Mpango wa awali ulikuwa mdogo zaidi. Shigeru Miyamoto wa Nintendo alimtaka Eiji Aonuma, aliyebuni mahekalu na mapango ya Ocarina, ayapange upya yale yale ili gemu itolewe tena ikiwa na mafumbo tofauti. Aonuma hakuifurahia kazi hiyo. Miyamoto akampa sharti: kama hutaki kurudia, nitengenezee Zelda mpya kwa mwaka mmoja. Aonuma akamvuta Yoshiaki Koizumi, ambaye wakati huo alikuwa akibuni gemu nyingine kabisa ya polisi na wezi, ambayo mchezaji angepewa wiki moja ya kumkamata mhalifu, na wiki hiyo angeicheza tena na tena. Wazo la wiki inayojirudia likahamia kwenye Zelda. Walipolijaribu waliona kuwa siku saba ni nyingi: mchezaji hawezi kukumbuka nani yuko wapi Jumatano jioni, na akirudishwa mwanzo anakata tamaa kwa kuona wiki nzima iko mbele yake. Wakapunguza hadi siku tatu.

Tuanze na saa, kwa sababu hapo ndipo gemu hizi mbili zinapoachana kabisa. Ocarina nayo ina usiku na mchana. Jua linazama ukiwa uwandani Hyrule, mifupa inafufuka ardhini, lango la mji linafungwa. Lakini ukiingia kijijini saa inasimama. Mwenye duka atakuwa kauntani kwake hata ukirudi baada ya miezi. Mruko mkubwa wa wakati ni ule wa miaka saba, Link, shujaa wa gemu, anapochomoa upanga katika Hekalu la Wakati na kuzinduka akiwa mtu mzima. Nao kiufundi ni kubadilisha seti moja ya mandhari na watu kwa seti nyingine. Ulimwengu wa Ocarina unakusubiri. Mfalme mwovu ameteka nchi nzima, na bado unaweza kuvua samaki mchana kutwa bila kuharibikiwa na chochote.

Majora's Mask haisubiri. Mwezi wenye uso wa kutisha unaning'inia juu ya mji wa Clock Town, na baada ya saa 72 za ndani ya gemu utaanguka. Kila saa moja ya humo ni kama sekunde 45 za kwetu, kwa hiyo siku zote tatu zinakwisha kwa dakika 54 usipozipunguza kasi kwa wimbo maalumu wa okarina. Saa imechorwa chini ya kioo muda wote. Muziki wa mji unaongezwa kasi siku ya pili, na tena siku ya tatu, hadi unakuwa wa mtu anayehema.

Kuweka saa kwenye kioo ni kazi ya mchana mmoja. Kazi ngumu ilikuwa kuwafanya watu waifuate. Mhusika wa kawaida wa Ocarina ana mahali pake na maneno yake, pengine ana sura ya mchana na ya usiku. Mhusika wa Majora's Mask ana ratiba: saa fulani yuko jikoni, saa fulani yuko njiani kwenda sanduku la posta, saa fulani amesimama chini ya mvua. Nintendo 64 isingeweza kuwaendesha watu wote wa mji kwa wakati mmoja. Njia iliyotumika ni ya werevu sana. Mtu usiyemwona hatembei popote. Unapofungua mlango na kuingia mtaani, programu inaangalia saa, inaangalia jedwali la mhusika huyo, kisha inapiga hesabu: kwa saa hii anapaswa awe amefika sehemu gani ya njia yake? Inamweka hapo hapo, mguu mmoja mbele ya mwingine, naye anaendelea kwenda. Wewe unaamini alikuwa akitembea tangu alfajiri.

Hata hivyo kumbukumbu ya mashine ilibidi iongezwe. Ocarina iliridhika na megabaiti 4 zilizokuja na Nintendo 64. Majora's Mask inakataa kuwaka kabisa bila Expansion Pak, kile kifaa kidogo kilichoongeza megabaiti 4 nyingine. Kasi ya picha haikubadilika, ni zile zile fremu 20 kwa sekunde. Nafasi iliyopatikana ilikwenda kwa watu: wengi zaidi mahali pamoja, kila mmoja na shughuli yake.

Na watu hao walitoka wapi? Wengi walitoka Ocarina. Malon, binti wa shamba la farasi, alikuwa na modeli mbili, ya utotoni na ya utu uzima. Hapa zimekuwa dada wawili, Romani na Cremia, wanaoishi pamoja. Mwanamke aliyekuwa akilalamika kuhusu kuku wake kijijini Kakariko sasa ni Anju, mwenye nyumba ya wageni. Yule kijana aliyekuwa akikimbia huku na huko ni tarishi wa posta. Wachawi wawili waliokuwa adui wa mwisho wa Hekalu la Roho wanauza dawa msituni na kutembeza watalii kwa mashua. Muuza vinyago, aliyekuwa mtu wa pembeni kabisa, ndiye anayekupa kazi yote ya gemu hii.

Kutumia modeli upya ni jambo ambalo mashabiki huliona kama uvivu. Hapa naliona kuwa uamuzi bora wa kazi nzima, kwa sababu mbili. Kwanza, kila wiki ambayo mchoraji hakuitumia kuchonga pua mpya ilikuwa wiki ya kuandika ratiba na maneno. Pili, aliyecheza Ocarina anawajua watu hawa kwa sura na hawajui kwa maisha. Anakutana na Anju na moyo unasema nimewahi kumwona huyu, kisha anagundua kuwa huyu ana mchumba aliyetoweka, mama asiyemwelewa, na bibi anayejifanya hamtambui ili asile chakula anachopika. Hali hiyo ya kuwa mgeni miongoni mwa nyuso zinazofahamika haiwezi kununuliwa kwa modeli mpya.

Kisa cha Anju na mchumba wake Kafei ndicho kipimo cha mfumo mzima. Kafei amegeuzwa mtoto kwa uchawi, na mwizi aitwaye Sakon amemwibia kinyago chake cha harusi, naye kwa aibu amejificha nyuma ya duka la bidhaa za magendo. Siku ya kwanza Anju anapokea barua kutoka kwake. Ukitaka kusaidia, inabidi upate chumba katika nyumba ya wageni, kisha uwe jikoni saa tano na nusu usiku, atakapokukabidhi barua ya kujibu. Unaitia kwenye sanduku la posta. Siku ya pili tarishi anaipeleka, na ukimfuata ndipo unapojua Kafei amejificha wapi. Anakupa kidani umpelekee Anju. Siku ya tatu, jioni, lazima uwe kwenye korongo la Ikana kumvizia Sakon, na ndani ya maficho yake gemu inafanya jambo isilolifanya kwingine kokote: inakupa Kafei umwongoze wewe mwenyewe, kwa zamu na Link. Kisha unarudi mjini na kusubiri ghorofani pamoja na Anju. Kafei anaingia kama saa kumi na nusu alfajiri. Saa moja na nusu baadaye mwezi unaanguka.

Mlolongo huo unagusa siku zote tatu, na kosa moja linaukata. Kuna kosa moja ambalo sijaona mfano wake katika Ocarina yote. Usiku wa kwanza, baada ya saa sita, Sakon anampora bibi kizee mfuko wa mabomu. Ukimzuia, umetenda wema, na bibi anakushukuru. Lakini mwizi aliyekosa mali hana cha kuuza dukani, na Kafei anayemvizia pale hapati njia ya kumfuata. Wema wa usiku wa kwanza unafunga mlango wa harusi ya usiku wa tatu. Hakuna mhusika anayekuambia hivyo. Ratiba zenyewe zimegongana, na wewe unabaki kuchagua katika siku tatu hizi umsaidie nani. Ocarina inakuruhusu kuwasaidia wote, mmoja baada ya mwingine.

Ukipiga Wimbo wa Wakati kwa okarina unarudi alfajiri ya siku ya kwanza. Vinyago, nyimbo na zana kuu vinabaki. Mishale, mabomu na pesa za mfukoni zinapotea, na watu wote wanakusahau. Pesa zilizoko benki zinabaki, kwa kuwa mwenye benki anakupiga muhuri mwilini na kuuamini hata kama hakukumbuki. Ninalipenda suluhisho hilo. Wabunifu walihitaji njia ya kumwachia mchezaji akiba, na badala ya kuificha kwenye menyu waliipa mtu, kaunta na wino.

Mfumo huu wa siku tatu una gharama, na wanaoisifu gemu hii mara nyingi wanazipita kimya kimya. Ocarina ina mahekalu na mapango makubwa manane kabla ya kasri la Ganon, yule mfalme mwovu. Majora's Mask ina manne. Ukiishiwa muda katikati ya hekalu, funguo na milango inarudi kama ilivyokuwa, na katika Hekalu la Great Bay, lenye mabomba na mikondo ya maji inayochanganya, hilo linauma. Pia kuna kusubiri kwingi. Mtu anayejua la kufanya saa tano na nusu usiku, na sasa ni saa mbili, hana la maana la kufanya. Katika ufundishaji wa mapigano na mafumbo, Ocarina bado ni mwalimu bora: inakupa zana, inakupa chumba cha kuijaribia, inakupa adui wa kuithibitishia, bila kukukimbiza. Majora's Mask inachukulia kuwa umeshahitimu huko. Mfumo wa kumfungia adui macho umeletwa kama ulivyokuwa, na upya umewekwa kwenye vinyago vinavyokugeuza mwili: Deku anayeruka juu ya maji mara tano kabla ya kuzama, Goron anayebiringika kama gurudumu, Zora anayeogelea.

Hekalu la nne, Stone Tower, linanirudisha kwenye ule ubanaji wa mali. Unapiga alama mlangoni kwa mshale wa nuru na jengo lote linageuka chini juu. Dari inakuwa sakafu, na mbingu inakuwa shimo la kuangukia. Vyumba ni vile vile, lakini mafumbo yamekuwa mapya, na jengo moja limetoa kazi ya mawili. Aonuma alikuwa mtayarishaji miaka 23 baadaye, Zelda nyingine, Tears of the Kingdom, ilipotolewa mwaka 2023 juu ya ardhi ile ile ya Breath of the Wild ya mwaka 2017. Humo pia kuna nchi ya chini ya ardhi ambayo ni ramani ya juu iliyopinduliwa: palipo na mlima juu, chini kuna bonde. Tofauti ni kwamba Tears of the Kingdom ilikuwa na miaka sita ya kuongeza, nayo iliongeza mbingu, mapango na mashine za kuunda mwenyewe. Muendelezo wa mwaka 2000 ulipunguza mahekalu na kuongeza hasa kitu kimoja, saa.

Thamani ya saa hiyo ilionekana wazi mwaka 2015, Nintendo ilipoitengeneza upya gemu hii kwa mashine ya 3DS. Wimbo wa kurukisha muda sasa unakuruhusu kuchagua saa unayoitaka, na daftari la kuandikia miadi ya watu limekuwa wazi zaidi. Kusubiri bure kumekwisha, na mabadiliko hayo nayaunga mkono. Siungi mkono yaliyompata Zora. Zamani alipasua maji kwa kasi bila malipo. Sasa kasi hiyo inakula nguvu za uchawi, na asipozitumia anaogelea polepole. Katika gemu yenye dakika za kuhesabu, kumpunguzia kasi mwogeleaji ni kumkata mchezaji muda, na bahari ya Great Bay imekuwa kubwa kuliko ilivyostahili.

Anayetaka kuzicheza leo aanze na Ocarina hata kama Majora's Mask ndiyo inayomvutia. Majora's Mask inamtaka awe ameshazijua nyuso za Malon, wachawi wawili na muuza vinyago, na awe amezoea ulimwengu unaosubiri. Akishazoea hivyo, aingie Clock Town na siku ya kwanza asifanye kitu chochote ila kumfuata tarishi wa posta kutoka sanduku moja hadi jingine.