Mistari Inayomzunguka Mgonjwa

Desemba iliyopita mjukuu wangu anayesomea uuguzi alikuja kupumzika hapa Kisorya. Siku ya pili aliniletea kabrasha la masomo yake kibarazani akasema, "Babu, wewe ulikuwa mkuu wa chuo cha ualimu, umesahihisha insha za watu miaka yote hiyo. Nisaidie nadharia hii. Nimeikariri lakini haijaniingia." Nilimjibu, kwa utani wetu wa babu na mjukuu, kwamba mke mdogo haombi, anaagiza tu. Nikavaa miwani.

Niliisoma kwa siku nne. Msomaji atanisamehe kama mzee wa chaki anaingilia mambo ya hospitali. Lakini nadharia ni nadharia, na kwa takriban miaka arobaini kazi yangu ilikuwa kuangalia kama maneno yaliyoandikwa yanafanana na watu wanaosemwa humo.

Mwenye nadharia hiyo ni Betty Neuman, Mmarekani, aliyezaliwa mwaka 1924 katika familia ya wakulima huko Ohio. Baba yake aliugua figo kwa miaka, akafariki binti huyo akiwa na umri wa miaka 11. Mama yake alikuwa mkunga wa kijijini. Neuman akawa muuguzi, kisha mwalimu wa wauguzi, na mwaka 1970, alipokuwa akifundisha Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, alichora mchoro wa kuwasaidia wanafunzi wake wamtazame binadamu mzima badala ya kutazama ini lake au mguu wake. Mchoro ulichapishwa mwaka 1972, na kitabu kamili kikatoka mwaka 1982. Nilipojua kwamba ulianza kama mchoro wa darasani nilimpenda mama huyu. Mwalimu anayechora ubaoni kwa sababu ameona nyuso hazijaelewa ni mwalimu kweli.

Mchoro wenyewe ni duara ndani ya duara. Katikati kabisa kuna kiini, yaani yale ambayo mtu hawezi kuishi bila hayo: joto la mwili, viungo, nguvu alizozaliwa nazo. Kinachofuata ni mistari ya ukinzani, ambayo huamka adui akishaingia ndani. Nje yake kuna mstari mzito, ulinzi wa kawaida, yaani afya ambayo mtu huyo ameizoea siku zote. Na nje kabisa kuna mstari wa vitone, ulinzi unaonyumbulika, ambao hutanuka na kusinyaa kama kodiani. Ukilala vizuri, ukala, ukacheka na watu, unatanuka. Ukikesha siku tatu kwenye matanga, unasinyaa, na ugonjwa ambao jana ungepita mbali leo unakugusa.

Mtu wa huku haelewi jambo hilo kwa shida. Mji wa mzee una uzio wa minyaa kwa nje, kisha zizi, kisha nyumba, na ndani ya nyumba kuna moto. Nilipomweleza mjukuu wangu hivyo alisema, "Kumbe!" Neno hilo lilinilipa ada yangu yote.

Tatizo la kwanza tulilokutana nalo lilikuwa la lugha. Wanafunzi wa siku hizi husema stresi, wakamaliza. Mimi nilizoea kusema mfadhaiko, lakini mfadhaiko ni wa moyoni, na Neuman anazungumzia pia njaa, kidonda, deni na mvua iliyokataa kunyesha. Tukakubaliana kusema msongo, na kile kinachouleta tukakiita kisababishi. Neuman anasema visababishi vinatoka mahali patatu: ndani ya mtu mwenyewe, baina ya mtu na mtu, na nje kabisa, huko kwenye mishahara na barabara na serikali. Wazo la msongo alilipata kwa Hans Selye, mtaalamu wa Kanada mwenye asili ya Hungaria, aliyeeleza mwaka 1936 kwamba mwili huitikia taabu nyingi zisizofanana kwa namna ileile. Na kinga zake tatu alizijenga juu ya mawazo ya daktari Gerald Caplan: ya kwanza ni kuzuia kisababishi kisimfikie mtu, ya pili ni kutibu kikishamfikia, ya tatu ni kumshikilia aliyepona asirudi chini.

Hapo ndipo kalamu yangu nyekundu ilipoanza kuwasha.

Mwaka 1973 nilikuwa mwalimu kijana katika shule ya kijiji huku Mwibara ilipokuja kampeni ya Mtu ni Afya, iliyoandaliwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Nilikuwa kiongozi wa kikundi. Kila wiki tulikaa chini ya mwembe na redio moja ya betri, tukasikiliza kipindi, tukasoma kijitabu, tukajadiliana, kisha tukaondoka na majembe. Nchi nzima watu wapatao milioni 2 walijiunga na vikundi hivyo, na vyoo vilivyochimbwa vilikuwa mamia ya maelfu. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amesikia jina la Neuman, lakini hiyo ilikuwa kinga ya kwanza hasa, na ya kijiji kizima.

Hata hivyo nakumbuka wiki ya somo la kichocho. Kijitabu kilitueleza kwa usahihi kabisa jinsi vijidudu vinavyotoka kwa konokono na kuingia kwenye ngozi ya mtu aliyesimama majini. Tukashauriwa tusioge wala kufua ziwani. Mama mmoja akauliza, kwa heshima, "Mwalimu, maji mengine yako wapi?" Sikuwa na jibu. Nilisema tutalipeleka swali lake mbele, kama tulivyozoea kusema. Miaka hamsini na zaidi imepita. Watoto wa pwani hii wamemeza vidonge vya kichocho shuleni, wakapona, wakarudi majini, wakaugua tena.

Neuman hakulisahau hilo moja kwa moja. Kisababishi cha nje kipo kwenye mchoro wake, na kinga ya kwanza inaruhusu kukiondoa. Lakini mchoro una kawaida ya kuvuta jicho katikati. Ukimweka mtu kwenye kiini na kumzungushia mistari, swali linalokujia haraka ni jinsi ya kuukaza mstari wake: afundishwe, ale vizuri, apunguze wasiwasi. Bomba la maji linabaki nje ya duara pamoja na mvua na serikali, na muuguzi wa zahanati, ambaye hana fungu la kuchimba kisima, anamfundisha yule mama kile ambacho mama anakijua tangu 1973.

Nisionekane mchoyo wa alama. Kuna jambo ambalo Neuman ameliona vizuri kuliko wengi. Anasema mtu aliyepatwa na pigo akianza kujijenga upya anaweza kufika juu ya pale alipokuwa, au palepale, au chini yake, na bado huko ni kujijenga. Nilifikiria Septemba 20, 2018, MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara na zaidi ya watu 220 wakafa maji. Sisi wa Kisorya tuna ndugu upande ule; kivuko cha kwenda Rugezi kiko hapa mlangoni petu. Wapo niliowaona wakirudi kupanda chombo baada ya matanga kwa sababu mgonjwa au biashara haikungoja. Walipanda, lakini walikaa karibu na mlango, na hawakuongea mpaka ng'ambo. Hospitali isingewaandika popote. Neuman angewaona, na angesema kazi ya kuwashikilia bado haijaisha. Hapo nilimpa alama zote.

Ila nina hesabu nyingine na nadharia hii, nayo nitaieleza polepole.

Mwaka 2006 mama yangu mzazi alipata kiharusi, upande wa kulia ukalala. Mimi nilikuwa mkuu wa chuo, mbali na hapa. Mke wangu, ambaye sasa ni marehemu, alibaki Kisorya kumwuguza. Alimgeuza usiku na mchana asipate vidonda vya mgongo. Alimlisha uji kwa kijiko, akafua matandiko ziwani, akalima mihogo, akachota maji. Alifanya hivyo kwa miaka mitatu. Mwisho wa mwezi nilikuja na sukari, sabuni na dawa, na swali langu mlangoni lilikuwa moja: "Mama anaendeleaje?" Naye alinijibu kuhusu mama.

Nilikuwa na daftari. Mtu wa ofisi hapendi kitu kisichoandikwa. Muuguzi mmoja, ambaye simtaji wala kituo chake, alikuja nyumbani mara kwa mara kumpima mama presha, na mke wangu aliniandikia tarehe na tarakimu kwa mwandiko wake mzuri. Mashine ilifunguliwa pale jamvini, ikafungwa mkononi mwa mama, ikasomwa, ikarudishwa mfukoni. Mwanamke aliyeshika taa na kuandika tarakimu hakupimwa hata siku moja. Alikuwa akilalamika kichwa, nami nilimletea Panadol.

Mama alifariki mwaka 2009. Machi 2010 mke wangu alianguka jikoni, na siku ya tatu akatutoka. Daktari alisema ni presha ya muda mrefu. Nilistaafu mwaka uliofuata, nikarudi kwenye nyumba ambayo wote wawili hawamo.

Sasa nirudi kwenye mchoro. Nilimwuliza mjukuu wangu, "Katika duara hizi, mama mkubwa ndiye kiini. Bibi yako yuko wapi?" Akafikiri, akasema, "Babu, Neuman anasema mteja si lazima awe mtu mmoja. Anaweza kuwa familia nzima, au kijiji." Ni kweli, imeandikwa, na ni jibu zuri la mtihani. Nikamwambia basi anichoree familia yetu ya mwaka 2007. Akachora duara la kiini, akaandika ndani yake "familia", akazungushia mistari yake vizuri.

Nikarudia swali lilelile. Bibi yako yuko wapi?

Alinyamaza. Ukiandika "familia" katikati, hakuna mtu anayeonekana tena. Mgeuzaji na mgeuzwaji wamekuwa neno moja. Na ukiandika jina la mgonjwa peke yake, aliyebaki anageuka kuwa mstari. Ule mstari wa vitone, unaotanuka na kusinyaa, nyumbani kwetu haukuwa usingizi wa mama yangu wala chakula chake. Ulikuwa mke wangu. Mama alilala kwa sababu mwenzake hakulala. Kila inchi ambayo mstari ule ulitanuka upande wa mama ilikatwa mahali, na mchoro hauonyeshi ilikokatwa. Neuman aliuchora mstari wenye uhai, unaochoka na kupata nguvu, na hakuuliza kama huo mstari wenyewe una kiini.

Linaloniuma zaidi ni kwamba dawa imo humohumo kitabuni. Katika utaratibu wake wa kumpima mtu, Neuman anataka muuguzi aanze kwa kumwuliza mwenyewe ni jambo gani analoliona kuwa linamsumbua kuliko yote, kabla muuguzi hajatoa maoni yake, kisha maoni ya wote wawili yalinganishwe. Ni swali la adabu na la akili. Lakini anaulizwa aliyelala jamvini. Nami, niliyekuwa na vyeti ukutani na watu mia kadhaa chini ya uongozi wangu, nililivuka jamvi lile kila mwisho wa mwezi na sikumwuliza aliyekaa kando yake. Siwezi kumpa Neuman alama ya chini kwa kosa ambalo nami nilipata sifuri.

Mjukuu wangu alikuwa mdogo sana wakati ule. Anamkumbuka bibi yake kwa harufu ya moshi na kwa kanga ya zambarau. Aliomba kuliona daftari. Nililitoa sandukuni. Alifunua kurasa zote, akisoma tarehe na tarakimu za mama yangu, kisha akarudi ukurasa wa kwanza akatazama mwandiko wenyewe muda mrefu.

Siku hizi mwenye presha ni mimi. Mke wa mwanangu wa tatu ndiye anayenipikia chakula kisicho na chumvi, anayenichotea maji na kunikumbusha vidonge, huku ana watoto wanne, na mumewe yuko ziwani na wavuvi. Asubuhi iliyofuata mjukuu wangu alitoa mashine yake ya presha. Nilikunja mkono wa shati kama kawaida. Akanipita, akaenda mpaka mlango wa jiko, akasema, "Mama mdogo, njoo ukae hapa kidogo."

Mkwe wangu alisema ana maji motoni, ampime Baba kwanza. Mjukuu wangu alivuta kigoda, akakaa mlangoni na mashine mapajani, akasema atamsubiri.

Ilisoma 158 kwa 96. Nikamwomba anipe kalamu, na lile daftari.