Dawa Inayokamata Kisu cha Virusi

Mkulima wa Kianyaga anayetaka kugeuza mikahawa yake ya aina ya SL28 iwe Batian haing'oi. Huikata, husubiri machipukizi, kisha hupasua chipukizi na kupachika kikonyo cha Batian kilichochongwa ncha kwa kisu kikali. Kikishika, mizizi ya SL28 itakilisha miaka yote. Virusi vya Ukimwi navyo huishi ndani ya mwili kwa kupandikiza. Dolutegravir, iliyomo katika kidonge kinachomezwa leo na Wakenya wengi wanaoishi na virusi hivyo, iliundwa ili kuuzuia upandikizaji huo katikati ya kazi.

Virusi hivi vina vimeng'enya vitatu vikuu. Cha kwanza hunakili RNA yao kuwa DNA. Cha pili, integresi, ndicho kisu: huchonga ncha za DNA hiyo kwa kuondoa herufi mbili kila upande, kisha huipachika ndani ya DNA ya seli. Cha tatu, protizi, hukata minyororo ya protini ili virusi vipya vikomae. AZT, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1987, ilizuia cha kwanza. Saquinavir ikazuia cha tatu mwaka 1995. Integresi haikupata dawa hadi 2007, ingawa ilikuwa shabaha nzuri, kwa kuwa seli zetu hazina kimeng'enya hicho.

Ugumu ulikuwa hapa: mahali ambapo dawa inaweza kushika hukamilika pale tu kisu kinapokuwa kimeshika kikonyo, yaani DNA ya virusi. Ukijaribu kemikali kwenye integresi iliyo peke yake, unajaribu kitu kisichofanana na kile kilicho kazini. Kundi la Daria Hazuda katika kampuni ya Merck liliifunga kwanza integresi kwenye DNA, ndipo likajaribu zaidi ya sampuli 250,000. Mwaka 2000 likatangaza molekuli zilizoacha ncha zichongwe lakini zikazuia kupachika. Siri yake ni madini. Makali ya kisu hiki ni ioni mbili za magnesiamu, na molekuli hizo zilikuwa na atomu za oksijeni zilizopangika vizuri kiasi cha kuzibana zote mbili.

Njia hiyo ndiyo iliyozaa raltegravir mwaka 2007. Ilifanya kazi, lakini ilimezwa mara mbili kwa siku, na virusi viliweza kuikwepa kwa kubadilika kidogo tu. Wanakemia wa Shionogi ya Japani na GlaxoSmithKline wakaunda dolutegravir, molekuli yenye pete tatu zilizoungana, hivyo oksijeni zake tatu zikakaa zimenyooka bila kuyumba. Katika vipimo vya maabara, nusu ya raltegravir huachia kisu baada ya saa 9 hivi. Kwa dolutegravir ni saa 71. Mwaka 2010 kundi la Peter Cherepanov, Imperial College London, lilipiga picha ya integresi ya virusi binamu ikiwa imeshika DNA, na mbano ule wa magnesiamu ukaonekana wazi. Dolutegravir iliidhinishwa Marekani mwaka 2013.

Kwa maoni yangu, saa hizo 71 ndizo kiini cha ushindi. Dawa inayong'ang'ania hutosha kidonge kimoja kwa siku, na huvipa virusi nafasi ndogo ya kujifunza kukwepa. Kenya ilianza kutumia dolutegravir isiyo ya kampuni asilia mwaka 2017, ya kwanza Afrika. Mwaka 2025 kidonge chenye dolutegravir, lamivudine na tenofovir kilichotengenezwa na Universal Corporation, mjini Kikuyu, kilinunuliwa na Global Fund kwa ajili ya Msumbiji. Ujuzi huo sasa uko mikononi mwetu, na tuulinde.

Hata hivyo, dolutegravir haing'oi kikonyo kilichokwisha kushika. DNA ya virusi hubaki ndani ya seli zilizolala kwa miaka, na baadhi ya seli hizo huamka na kutoa virusi vipya vinavyotafuta shina jipya. Kwa hiyo mgonjwa anayeambiwa kliniki kwamba virusi havionekani tena kwenye damu huambiwa pia asiache kumeza. Kidonge cha leo kinalinda mashina ambayo bado hayajapasuliwa.