Maili Ipi? Uhakiki wa Ubadilishaji wa Vipimo vya Umbali katika Hoja za Mipaka, kutoka Mwambao hadi Abyei

1. Utangulizi

Neno "maili" katika Kiswahili hubeba vipimo viwili. Maili ya nchi kavu ni mita 1,609. Maili ya bahari ni mita 1,852, kipimo kilichoafikiwa kimataifa huko Monaco mwaka 1929. Baharia hachanganyi vipimo hivyo, lakini mfasiri wa hati za mipaka huvichanganya kwa urahisi. Makala haya yanahakiki mazoea ya kugeuza umbali wa kale wa nchi kavu kuwa vipimo vya baharini. Hoja yake ni kwamba kosa kubwa si la hesabu bali la usomaji: namba hunukuliwa, kizio na chanzo chake vikaachwa.

2. Maili kumi za Mwambao

Mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886 yalimwachia Sultani wa Zanzibar mkanda wa pwani wenye kina cha maili kumi kuelekea bara, kuanzia alama ya maji kujaa. Zikisomwa kuwa za nchi kavu, maili hizo ni kilomita 16.1, zikisomwa kuwa za bahari, ni kilomita 18.5. Mwandishi anayeongeza kilomita kwenye mabano bila kueleza chaguo lake huwa amekwisha kutoa uamuzi wa kisheria pasipo kujua.

Suala hilo halipo mbali na Juba. James Robertson, aliyeongoza Mkutano wa Juba wa Juni 1947 uliojadili hatima ya Sudan Kusini, ndiye aliyeteuliwa mwaka 1961 kuchunguza mustakabali wa Mwambao wa Kenya. Katika nchi zote mbili, mistari iliyochorwa na watawala wa kigeni iliachiwa wenyeji waitafsiri.

3. Abyei: dakika, maili na mto

Tume ya Mipaka ya Abyei, katika ripoti yake ya Julai 2005, iliweka mpaka wa kaskazini kwenye nyuzi 10, dakika 22 na sekunde 30. Tarehe 22 Julai 2009 mahakama ya usuluhishi mjini The Hague iliurudisha kwenye nyuzi 10 na dakika 10. Kati ya mistari hiyo kuna dakika 12 na nusu za latitudo.

Maili ya bahari ilitokana na dakika moja ya latitudo. Kwa hiyo ni rahisi kusema kwamba pana maili 12.5 za bahari, yaani kilomita 23.15. Kwa kuwa dunia si tufe kamili, dakika ya latitudo katika eneo hilo ni mita 1,843 hivi, na umbali halisi ni takriban kilomita 23.04. Kosa hilo la mita 100 linavumilika. Lakini "maili 12.5" ikinukuliwa bila sifa na kusomwa kuwa ya nchi kavu, umbali hushuka hadi kilomita 20.1. Kilomita tatu za malisho ya Wamisseriya na Wadinka wa Ngok hupotea kwa kukosekana kwa neno moja.

Longitudo ina mtego mwingine. Mahakama iliuhamisha mpaka wa mashariki kutoka nyuzi 29, dakika 32 na sekunde 15 hadi nyuzi 29 kamili. Dakika za longitudo hufupika kadiri mtu anavyosogea mbali na ikweta. Anayezihesabu zote kuwa maili za bahari huongeza takriban mita 800 katika umbali wa kilomita 59.

Hata hivyo, usahihi huo wote hauwezi kuziponya ripoti za safari za mwanzoni mwa karne ya 20, ambazo pande zote zilizitumia kama ushahidi. Mwaka 1902 Wilkinson aliudhania mto Ragaba ez-Zarga, ambao Wadinka huuita Ngol, kuwa ndio Bahr el-Arab, yaani Kiir. Maili za ofisa huyo zilifuata njia yenye kona, huku mto aliofikia ukipewa jina la mwingine. Kuzigeuza kuwa maili za bahari zenye nukta mbili za desimali ni kuvisha shaka vazi la uhakika.

4. Hitimisho

Wafasiri na washauri wa sera wanaoandaa matini za Kiswahili wanapaswa kuandika "maili ya nchi kavu" au "maili ya bahari" kila mara. Kuhifadhi kizio cha asili kabla ya kile kilichobadilishwa. Na kutenganisha umbali wa njia na umbali wa mstari ulionyooka. Uamuzi wa 2009 ulihifadhi haki za jadi za malisho ng'ambo ya mpaka. Mfugaji hatembei juu ya dakika za latitudo, lakini haki yake huandikwa kwa dakika hizo, na anayezitafsiri ana wajibu wa kueleza anapima nini.